Marekani: Timu iliyoshinda mechi zote ilifungiwa mlango, haki iko wapi?

Siku ya Yenga, tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2023, vijana wa chuo kikuu cha Florida State walikaa pamoja mbele ya televisheni. Walikuwa wakingoja majina ya timu nne zitakazopigania ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda zote 13. Usiku uliotangulia walikuwa wamechukua kombe la ligi yao, ACC, kwa kuipiga Louisville 16-6. Lakini jina lao halikutajwa. Walioitwa ni Michigan, Washington, Texas na Alabama. Na hizi mbili za mwisho, kila moja ilikuwa imepoteza mechi moja.

Tunazungumzia ule mpira wa Wamarekani unaochezwa kwa mikono kuliko kwa miguu, ule ambao watoto wa ndugu zetu waliohamia kule wanaukuta shuleni. Hata asiyejua sheria zake anaweza kuuliza: mtu akishinda mechi zote, anaondolewa kwa kosa gani?

Kosa lilikuwa mguu wa mchezaji mmoja. Jordan Travis, kiongozi wa mashambulizi ya Florida State, alivunjika mguu tarehe 18 mwezi wa 11. Kamati ya watu 13 inayopanga timu ilisema kwamba bila yeye, timu hiyo si ile ile tena. Lakini bila yeye iliishinda Florida 24-15, kisha Louisville, na katika mechi hiyo ya fainali aliyeongoza alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza. Travis mwenyewe aliandika kwamba alitamani mguu wake uvunjike mapema zaidi, ili watu wapate muda wa kuona kwamba timu si yeye peke yake. Fikiria kijana aliyelala na maumivu, tena anajiona yeye ndiye aliyewafungia wenzake mlango.

Tuwe wakweli kwa kamati pia. Timu za daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila moja inacheza karibu mechi 12 tu kabla ya fainali za ligi. Haziwezi kukutana zote. Lazima mtu akae mezani na kulinganisha. Tena kamati haikuvunja sheria yake: kanuni zinairuhusu kuangalia kama mchezaji muhimu au kocha hayupo. Wengine watasema kwamba mwisho wa mwezi ule Florida State ilipigwa na Georgia 63-3. Ni kweli, lakini wachezaji wake zaidi ya 20 hawakuingia uwanjani siku ile. Mechi ya watu waliokwisha kuvunjika moyo haiwezi kuwa ushahidi wa haki ya uamuzi uliotangulia.

Shida yetu ni kwamba kanuni hiyo haina kipimo. Angalia mwaka 2025. Tarehe 30 mwezi wa 11, kocha Lane Kiffin aliiacha Ole Miss na kwenda LSU, wakati timu yake ilikuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja tu. Wiki moja baadaye kamati iliipa Ole Miss nafasi ya 6 na ikaingia bila shida. Ni kweli kwamba sasa nafasi ni 12, si 4 tena. Lakini tunauliza: kukosa mchezaji aliyeumia kunapunguza timu, na kukosa kocha aliyefuata kazi nyingine hakuipunguzi? Mwaka huo huo, Notre Dame ilikaa juu ya Miami wiki nyingi kwenye orodha, ingawa Miami iliishinda 27-24 mwezi wa 8. Siku ya mwisho kamati ikazigeuza, Miami ikaingia na Notre Dame ikabaki nje, na wikendi ile hakuna hata moja kati yao iliyocheza. Kama matokeo ya mwezi wa 8 yalikuwa na uzito, yalipaswa kuwa na uzito tangu mwanzo.

Mizani hiyo ya pande mbili inawapima wachezaji pia. Reggie Bush alirudisha tuzo yake ya Heisman mwaka 2010 kwa sababu ya zawadi ambazo yeye na jamaa yake walipokea akiwa chuoni. Alirudishiwa mwaka 2024, miaka 14 baadaye. Tangu mwaka 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa. Lakini Nico Iamaleava alipoachana na Tennessee mwezi wa 4 mwaka 2025 katika mvutano wa malipo, wengi walimwita mwenye tamaa. Kocha akihama katikati ya msimu, wanasema anatafuta maisha.

Huku kwetu kila mpenzi wa mpira anajua maana ya kushinda mezani. Anajua pia uchungu wa mwenye kushinda uwanjani halafu akapoteza mezani. Uchungu huo hauondolewi kwa kuongeza viti tu. Mwaka 2025 mabingwa watano wa ligi waliokuwa juu kwenye orodha walikuwa na nafasi ya hakika, na hiyo ilikuwa hatua nzuri. Bado inabaki kazi tatu: timu isiyoshindwa iliyochukua kombe la ligi kubwa isiachwe nje kamwe; kura za kamati zisiwe za siri, kila mmoja aonyeshe alivyopiga; na kipengele cha mchezaji aliyeumia kifutwe, au kitumike sawasawa kwa makocha wanaotoroka.

Mchezaji anatoa mwili wake. Akivunjika akiitumikia timu, mguu wake usigeuzwe kuwa sababu ya kuwanyima wenzake kile walichokwisha kukishinda.