Mchumba anataka Mustang, wewe unataka bati

Haya wapendwa, mwezi huu tuwaachie wengine habari za nani kakuta meseji ya nani. Leo tunaongelea mkoko.

Kuna dada mmoja wa Sakina kaniletea kesi yake. Yeye yuko benki, mchumba wake yuko kampuni ya utalii, mishahara inaeleweka, wana kiwanja Kisongo na kuta zimeshafika usawa wa lenta. Sasa shida ni kwamba kaka ana picha ya Ford Mustang ya mwaka 1967 kwenye simu, kwenye kompyuta ya kazini na nyuma ya mlango wa kabati la nguo. Ingekuwa picha tu, dada angevumilia. Ila juzi amegundua kuna akaunti pembeni, na hela inaingia kila mwisho wa mwezi. Anauliza: "Nimechumbiwa na mwanaume au na mtoto?"

Kwenye hesabu dada kashinda, tusizunguke. Kwa wasiojua haya magari ya misuli ya Kimarekani, mwaka 1964 Pontiac walichukua gari la ukubwa wa kati, wakalipachika injini ya silinda nane ya lita 6.4, wakaliita GTO. Mwaka huohuo Ford wakaitoa Mustang, na 1966 Dodge wakaja na Charger. Yalikuwa magari ya vijana wa mshahara wa kawaida: mngurumo mkubwa, bei ya kujikakamua. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, raha ikapungua sana. Ile Vitz ya mwanzo unayoiona pale Kijenge ina injini ya lita moja tu, kwa hiyo GTO moja ni kama Vitz sita zimefungwa kamba. Utaijaza mafuta kwa mshahara gani?

Tena TRA wanakungoja. Injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda, na gari kuukuu linatozwa zaidi kwa ajili ya umri wake. Vipuri usahau kuvikuta Unga Limited. Halafu usukani uko kushoto. Maana yake mkiwa barabara ya Moshi nyuma ya lori, anayechungulia mbele si dereva, ni wewe dada. "Pita! Hapana, rudi! Basi!" Ndoa ngapi zinaweza kustahimili hilo kutoka Usa River mpaka Boma Ng'ombe?

Kwa hiyo ningeweza kuishia hapa. Ila kuna kitu dada kakitaja juu juu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: baba mkwe wake mtarajiwa alikuwa General Tyre.

Nyie wa Dar mnaweza msielewe. Hapa Arusha ukisema mzee alikuwa General Tyre, watu wazima wananyamaza kidogo. Kiwanda kile kilianzishwa mwaka 1969, Serikali ikiwa na hisa asilimia 74 na Wamarekani wa General Tire asilimia 26. Ni kampuni iliyozaliwa Akron, Ohio, mwaka 1915, na ilipochukuliwa na Continental ya Ujerumani mwaka 1987, hisa za hapa nazo zikahamia kwa Wajerumani. Kilikuwa na mashamba yake ya mpira, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Yaani mti wa Muheza ulikuwa unaishia kuwa tairi Njiro. Mtoto aliyekulia nyumba ile alijua Marekani ni mahali ambapo baba anafanyia kazi, na anarudi jioni akinukia mpira.

Mwishoni mwa muongo wa 2000 mitambo ikazimwa. Mashine zilishachoka, mtaji wa kuendeshea haukuwepo, na tairi za bei chee kutoka nje zilishajaa madukani. Baadaye Serikali ikazinunua zile hisa 26, ahadi za kukifufua zikasikika bungeni na kwenye majukwaa, miaka ikakatika.

Kwenye nyumba za wafanyakazi haikuwa hadithi moja. Waliokuwa na migomba na kahawa kwenye miteremko ya Meru walikuwa na pa kuangukia. Waliotoka mikoa mingine na kupanga chumba na sebule mjini waliangukia kwenye saruji. Huyu mzee wetu alikuwa na kwao Akheri, akarudi shambani. Dada anasema mpaka leo ukitaja matairi mbele yake anatoka nje kuangalia migomba. Mchumba alikuwa kidato cha pili wakati huo.

Dada yangu, umewahi kumuuliza siku ile nyumbani ilikuwaje? Si kumhoji kama polisi. Kumuuliza tu. Nani alileta habari, mama alisema nini, ada ya muhula uliofuata ilitoka wapi. Mimi nahisi ile Mustang ina baba ndani yake, na usipomjua huyo abiria utagombana na bati la gari miaka kumi.

Na asidhani yeye peke yake. Kule Quebec, Kanada, kulikuwa na kiwanda cha GM cha Sainte-Thérèse kilichokuwa kinaunda Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird. Mwaka 2002 magari hayo yakasitishwa na kiwanda kikafungwa. Camaro ilirudi sokoni mwaka 2009, watu wakashangilia, ila ikaundwa kiwanda kingine. Cha Sainte-Thérèse kilishabomolewa. Kisha Desemba 2023 Challenger ya mwisho ikatoka kiwandani Brampton, na Camaro nayo ikasimamishwa tena. Mashabiki walilia gari. Walioshika spana walikuwa na kilio kingine, na hicho hakiuzwi kwenye mabango.

Kaka, na wewe usijifiche. Akaunti ya siri si mapenzi kwa gari, ni siri tu. Mwonyeshe mwenzako hiyo salio leo. Wewe uliyeona mshahara mmoja ukizimika na nyumba nzima ikabaki gizani, unajua kuliko yeye kwa nini paa linatangulia.

Jumapili hii nendeni wote Akheri. Msimsemeshe mzee kuhusu kiwanda; kaka amwonyeshe tu picha ya Mustang na amuulize ile ilikuwa inavaa tairi saizi gani. Kisha mkae kimya, mle machalari, mngoje.

Halafu Jumatatu mkanunue bati. Geji 28, si 30. Kisongo kuna upepo.