Malafu nayo yanastahili kamusi

Kando ya mto Mosel, Ujerumani, kuna shamba la mizabibu liitwalo Bremmer Calmont. Mteremko wake mahali pengine unapita nyuzi 60. Mashine haipandi, vishada huchumwa kwa mkono. Divai nyeupe ya Riesling itokayo kwenye milima ile inapendwa kwa harufu yake: wanywaji hutaja tofaa, ndimu, maua, hata jiwe lililolowa. Jina la zabibu hiyo limo katika maandishi tangu 1435. Anayeinunua hanunui kileo tu. Ananunua pia maneno: la kilima, la udongo, la mwaka.

Tuje Kasongo na Kabambare. Mgema wetu naye hupanda, kwa kamba kiunoni, juu ya mchikichi. Utomvu anaouteremsha asubuhi ni mtamu. Chachu huanza kazi papo hapo, mchana malafu yamekuwa makali, kesho yake yanageuka siki. Ladha na harufu hubadilika saa kwa saa. Lakini sisi wa fakulte ya lugha tukiyaandika, tuna maneno mawili tu: matamu na makali. Umaskini huo si wa malafu, ni wa kalamu zetu.

Mtu hawezi kuishi kwa kazi ya ugema bila kuipa majina: majina ya miti, ya visu, ya vyombo, ya utomvu wa kila siku. Maneno hayo yamo vinywani mwa wazee, kwa Kibangubangu, kwa Kizimba na kwa Kiswahili chetu. Kijana anayekimbilia dhahabu ya Namoya hayarithi. Mzee akifariki, yanafukiwa naye.

Tazama pia jambo hili. Kiswahili kilipokea mvinyo kutoka Kireno na divai kutoka Kifaransa, na hakuna anayelalamika. Ila mwanafunzi akiandika malafu katika insha, anaogopa kusahihishwa aandike tembo, kama wasemavyo pwani. Neno la mgeni linakaribishwa sebuleni, la mwenyeji linabaki nje.

Wapo watakaosema tunasifu ulevi, na Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi wasiogusa kileo. Hoja yao ni ya heshima. Lakini kuandika jina la kitu si kukinywa. Daktari huandika majina ya sumu bila kuionja.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwaka wanafunzi wachache wafanye kazi yao ya kumaliza masomo kwa kukaa na wagema, waandike maneno yao na maana zake kwa Kiswahili, kisha nakala irudi kijijini. Pili, walimu wetu wakubali malafu katika insha bila kulipigia mstari. Hilo la pili halihitaji pesa wala safari. Linaweza kuanza katika mtihani ujao.