Kelele za ulingoni nazo ni lugha

Muhula uliopita, katika semina, nilipendekeza mada ya kazi yangu ya kumaliza masomo: lugha ya mieleka ya hapa mjini, ile ambayo sisi sote tunaiita kachi. Chumba kizima kilicheka. Sikukasirika, nilitegemea hivyo. Kisha mwalimu mmoja ninayemheshimu akaniuliza kwa upole: «Lakini yale mambo ni ya kweli?» Wenzangu wakacheka tena, saa ikafika, tukatoka. Makala haya ni jibu ambalo siku ile sikulipata.

Kachi yangu ya kwanza niliiona mwaka 2009, nikiwa na umri wa miaka tisa, katika kiwanja kimoja cha mpira huko Mangobo. Tangu asubuhi gari lilikuwa limezunguka mitaani na kipaza sauti, wapiga tarumbeta nyuma yake, na wapiganaji wamesimama kifua wazi juu ya gari. Mjomba wangu, au noko kama tunavyosema hapa, alinilipia franga 500. Ulingo ulikuwa wa mbao, umetandikwa magodoro na turubai, na kamba zake zilikuwa zile zile za kufungia mizigo bandarini.

Upande mmoja alisimama mtu mkubwa mwenye kinyago. Upande wa pili alikuja mtu mwembamba, amevaa majani ya raffia, ameshika kibuyu. Huyu mwembamba hakumgusa mwenzake hata kidogo. Aliinama, akasema maneno ndani ya kiganja chake, akapuliza unga. Yule mkubwa akakakamaa kama mti, kisha akaanguka chali. Uwanja ukanyamaza. Ndipo mtangazaji, aliyekuwa akisema kwa Kifaransa tangu mwanzo, akageuka kwetu na kupaza sauti: «Ba mama, mukamate batoto benu!» Na kweli mama mmoja ambaye hata hakunijua akanivuta mkono.

Tuliporudi kwa toleka, mimi nimebanwa kati ya mwendesha baiskeli na mjomba, nikauliza: «Noko, yule mtu alikufa kweli?» Mjomba akajibu: «Mimi nililipa franga ili uangalie, siyo ili uulize.»

Nilipoanza kusoma isimu niligundua kwamba mjomba alikuwa na wenzake. Roland Barthes alifungua kitabu chake Mythologies, cha mwaka 1957, kwa makala juu ya kachi ya Paris. Hoja yake ni kwamba mtazamaji hashughuliki kujua kama pambano limepangwa. Anachotaka ni kuona waziwazi maumivu, kushindwa na haki. Nakubaliana naye, ila kwa jambo moja. Kwa Barthes, mwili ndio unaosema. Kwetu Kisangani, mdomo nao unafanya kazi, pengine kuliko mwili. Mtu mkubwa niliyemwona hakuangushwa kwa mkono. Aliangushwa kwa neno.

Hapa wanafunzi wa pragmatiki watamkumbuka Austin. Katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 alitufundisha kwamba kusema ni kutenda: kuahidi, kuoza, kulaani. Lakini aliyaweka kando maneno ya mwigizaji jukwaani, kwa kuwa hayasemwi kwa dhati. Kachi inaleta shida kwa mpaka huo. Maneno ya yule mwembamba yalikuwa ya jukwaani, na bado yalikuwa na masharti yake yote ya kufaulu: vazi, ngoma, kibuyu, mtangazaji anayetuonya, umati unaonyamaza. Ondoa sharti moja, na yule mkubwa hawezi kuanguka bila kuchekwa. Kwa hiyo swali «ni kweli?» halitoshi. Swali la mwanaisimu ni hili: neno hili limepata wapi nguvu, nani amelikubali, na nguvu hiyo inaisha saa ngapi?

Ulingoni inaisha kengele inapolia. Niliwaona wale wawili baadaye nyuma ya gari, wanagawana mkate. Lakini sisi sote tunajua mahali ambapo neno la aina hiyo halina kengele. Katika miji yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu mmoja alitamka kwamba ni wachawi. Huko nako neno lilitenda, lilipata mashahidi na umati ulionyamaza, ila hakuna mwamuzi aliyesema basi, mchezo umeisha. Sisemi kachi inaponya jambo hilo. Wapo wanaosema inalizidisha, na hoja yao isikilizwe. Ninachosema ni kwamba tusipoelewa neno linavyopata nguvu pale ambapo ni mchezo, hatutaelewa linavyoipata pale ambapo si mchezo.

Nirudi kwa mtangazaji. Alitumia lugha tatu, na kadiri ninavyokumbuka hakuzichanganya ovyo. Majina, uzito, kanuni na matokeo alivitoa kwa Kifaransa. Matusi, majigambo na changamoto za wapiganaji zilikuwa Lingala. Kiswahili kilikuja kila alipotugeukia sisi: kuonya, kuhadithia mpiganaji ametoka wapi, kuomba watu wasisogelee kamba. Naiita dhana, kwa sababu kumbukumbu ya mtoto wa miaka tisa si data. Lakini ni dhana nzuri kwa mji kama wetu, ulioko mahali ambapo maeneo ya Kiswahili na ya Lingala yanakutana. Mtu aliyetaka kututisha alitafuta lugha moja, na aliyetaka kutulinda akatafuta nyingine. Je, bado ni hivyo leo? Katika Makiso ni sawa na Mangobo? Maswali hayo yanajibika kwa kwenda na kusikiliza.

Umati nao ulikuwa na lugha yake. Upande mmoja walipiga kelele «Boma ye!», upande wa pili «Mupige!» Sentensi zote mbili zina muundo wa amri na mtendwa mmoja. Katika Lingala, ye inasimama peke yake baada ya kitenzi. Katika Kiswahili chetu, mu- inaingia ndani ya kitenzi, mbele ya mzizi. Sisi watoto tulipiga kelele zote mbili kwa pumzi moja, na hakuna aliyekosea mahali pa kumweka yule wa kupigwa.

Nichukue hiyo «boma ye», maana historia yake inanisaidia. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipigana ngumi na George Foreman, akamwangusha katika raundi ya nane. Umati ulikuwa ukiimba «Ali, boma ye!» Wageni walitafsiri wakaandika: Ali, muue. Anayejua Lingala anafahamu kwamba koboma ni pana zaidi. Tunaboma mtu, ndiyo, lakini tunaboma pia moto, yaani kuuzima, na tunaboma kitu tunapokiharibu. Tafsiri ilichukua maana moja, ile ya damu, ikaacha nyingine njiani.

Baadaye maneno yale yakasafiri. Tarehe 26 Juni 1976, Ali alipambana mjini Tokyo na Antonio Inoki, bingwa wa mieleka wa Japani, na wakatoka sare. Baada ya hapo Inoki alipewa muziki wa filamu ya Ali, na akawa anaingia ulingoni kwa wimbo wenye kaulimbiu «Inoki Bom-Ba-Ye». Tazameni b iliyojipenyeza baada ya m: mabadiliko ya sauti tunayoyasoma kwenye fonolojia, yametokea mbele ya maelfu ya watazamaji. Miaka mingi baadaye Shinsuke Nakamura, Mjapani aliyekulia katika kampuni iliyoanzishwa na Inoki, aliliita pigo lake la goti Bomaye. Alipohamia WWE ya Marekani mwaka 2016, pigo lile lile likapewa jina Kinshasa. Siku hizi vijana wa hapa mtaani wanaliona kwenye simu na kusema: angalia, wametaja mji wetu. Wengi hawajui kwamba kilichorudi ni kelele za wazee wetu, zimezunguka dunia na kubadilishiwa jina.

Naipenda hadithi hii, lakini inanisumbua pia. Wajapani na Wamarekani wamelitunza neno letu kuliko sisi. Na ni neno moja tu kati ya yote yaliyosemwa usiku ule.

Najua pingamizi la kwanza ambalo wenzangu wataleta: hiyo si lugha, ni mchanganyiko, na kitivo kipo kwa ajili ya Kiswahili bora. Mimi ninaandika makala haya kwa Kiswahili bora, au ninajitahidi, na sina ugomvi nacho. Lakini mwandishi wa Kijerumani, Nico Nassenstein, alichapisha mwaka 2015 kitabu kizima juu ya Kiswahili cha Kisangani, pamoja na namna wasemaji wanavyochagua kati ya maumbo mbalimbali. Kama mtu wa mbali aliona huo ni mfumo unaostahili sarufi, sisi tunaolelewa ndani yake tunaona aibu ya nini?

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kelele ni kelele. Kwa hilo namleta John Carrington, mmisionari wa Yakusu, karibu na hapa. Wageni wengi waliisikia ngoma ya Walokele kama kelele za usiku. Yeye alikaa, akasikiliza, akajifunza, na mwaka 1949 akachapisha Talking Drums of Africa, akionyesha kwamba ngoma ile inafuata toni za maneno ya Kilokele, na kwamba hutumia semi ndefu ili maneno yenye toni sawa yasichanganywe. Leo tunaifundisha hiyo kwa fahari katika utangulizi wa isimu. Naomba tukumbuke kwamba kabla ya mtu kukaa na kusikiliza, ilikuwa kelele tu.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 2016, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nilivuka mto kwenda Lubunga kutazama kachi, na nikarekodi kwa simu karibu dakika arobaini. Mtangazaji alikuwa yule yule wa Mangobo, amezeeka, sauti imekwaruza, lakini umati mzima uko mkononi mwake. Miezi michache baadaye simu ilijaa, nikafuta ile rekodi ili nipate nafasi ya nyimbo. Mwaka jana nilipoanza kufikiria mada hii nilimtafuta. Nikaambiwa amefariki. Na wale watazamaji wa Lubunga nao si rahisi kuwapata, maana tangu mwaka 2023 mapigano kati ya Wambole na Walengola yametawanya familia nyingi za upande ule. Siku ile ya 2016 walisimama pamoja kuzunguka kamba moja. Dakika arobaini za sauti zao nilikuwa nazo mfukoni, nikazifuta mimi mwenyewe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kitivo ni dogo. Kila muhula, wanafunzi wawili au watatu waende kwenye pambano moja, kwa ruhusa ya wapiganaji na ya mtangazaji, warekodi. Waandike yaliyosemwa kama yalivyosemwa, bila kusahihisha hata kiambishi kimoja. Nakala ibaki maktaba, na nyingine irudishwe kwa wenyewe, maana ni kazi yao. Waandike pia majina ya ulingoni. Kinshasa ilikuwa na Kelekele Lituka enzi za Zaire, ikaja kuwa na Edingwe, aliyejiita Moto na Ngenge kwa Lingala, na Petit Cimetière, makaburi madogo, kwa Kifaransa. Hapa kwetu nimesikia chui na mamba wa Kiswahili, na mengine kutoka lugha za mtoni na za msituni ambazo kitivo chetu kina wataalamu wake. Hakuna sababu majina hayo yajulikane na mashabiki peke yao.

Haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji simu, daftari, nauli ya toleka, na mwalimu mmoja atakayekubali kusimamia bila kucheka.

Na kwa mwalimu aliyeniuliza: ndiyo, Profesa, ni ya kweli. Yule mtu mkubwa hakufa, lakini mama nisiyemjua alinivuta mkono kwa sababu ya sentensi moja ya Kiswahili, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nataka kujua sentensi ile ilifanyaje kazi hiyo. Tarehe ya pambano lijalo ikitangazwa nitakwenda, na safari hii simu yangu ina nafasi.