UCHAMBUZI: Imani haikuletwa Kilifi kuzima akili za waumini

KAUNTI ya Kilifi ina maeneo mawili ambayo mwandishi wa historia ya Ukristo nchini Kenya hawezi kuyaruka.

La kwanza ni Rabai, ambako wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua kituo chao mnamo 1846. La pili ni msitu wa Shakahola, ambako kuanzia Aprili 2023 maafisa wa serikali walifukua zaidi ya miili 400 ya watu wanaoaminika kuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International.

Kutoka eneo moja hadi jingine ni mwendo wa saa chache kwa gari. Kifikra, umbali uliopo ni wa mbingu na ardhi. Yafaa Mkristo wa leo ajiulize jinsi dini iliyoingia kupitia Rabai ikiwa na kitabu mkononi ilivyokuja kuhubiriwa katika kaunti iyo hiyo na mtu anayewaonya wazazi dhidi ya shule.

Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alitumia muda wake mwingi kujifunza lugha za wenyeji na kuziandika. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kwingineko hali ilikuwa hiyo hiyo. Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, nao Waganda wakawaita abasomi. Maneno yote mawili yana maana ya wasomaji. Machoni pa majirani zake, Mkristo alikuwa mtu anayejua kusoma.

Kisa cha Rebmann nacho kina funzo. Mwaka wa 1848 alieleza kwamba ameuona mlima wenye theluji karibu na ikweta. Baadhi ya mabingwa wa jiografia nchini Uingereza walimkejeli. Ubishi huo ulimalizika pale wasafiri wengine walipofunga safari na kuiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yao. Hakuna aliyelazimishwa kuamini eti kwa sababu msemaji alikuwa mtumishi wa Mungu.

Baadaye zikaja shule na hospitali za misheni. Maseno ilianzishwa 1906, Alliance ikafuata 1926. Carey Francis, aliyeziongoza shule zote mbili kwa nyakati tofauti, alikuwa mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge kabla ya kuja Kenya. Hakuona kwamba hesabu zingemharibia maombi yake.

Si kwamba wamishonari hawakuwa na ila. Wengi wao walizikashifu mila za Waafrika kabla ya kuzielewa, na kwa kufanya hivyo waliyapuuza maarifa ya wazee wetu. Lakini hata kosa hilo lilikuja kusahihishwa kwa usomi. Kasisi John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alionyesha katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba babu zetu walikuwa wamemfikiria Mungu kwa kina kabla ya meli ya mmishonari kutia nanga.

Basi hebu tulinganishe na yaliyotukia Shakahola.

Mnamo 2017, Mackenzie alikamatwa na kushtakiwa kuhusiana na mafundisho ya kuwazuia watoto kwenda shule. Manusura na jamaa za waathiriwa wameeleza kwamba wafuasi walihimizwa pia kuepuka hospitali. Mwishowe waliingia msituni, mbali na majirani, na upande wa mashtaka ukadai kuwa huko waliambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa. Baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Mackenzie na wenzake walikanusha mashtaka walipofikishwa mahakamani mwaka wa 2024, na hukumu ni kazi ya majaji. Hata hivyo, mpangilio wa mambo hayo hauhitaji hukumu ili uonekane.

Mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa wa shule, ambako mtoto hukutana na mwalimu. Wa pili ulikuwa wa hospitali, ambako mama hukutana na daktari. Wa tatu ulikuwa wa jirani na jamaa. Milango hiyo ilipofungwa yote, muumini alibaki na sauti moja tu masikioni, wala hakuwa na mtu wa kumuuliza iwapo sauti hiyo inasema kweli.

Ni rahisi kusema kuwa waliokufa walikuwa watu wasiosoma. Dai hilo halina mashiko. Vyombo vya habari viliripoti kuwa miongoni mwa wafuasi walikuwemo afisa wa polisi na mtu aliyewahi kufanya kazi katika shirika la ndege. Hao walikuwa na elimu. Walichopokonywa ni ruhusa ya kuitumia mbele ya mhubiri.

Hapa ndipo wapo watakaosema kwamba imani si jambo la akili, na kwamba mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kuwa hekima ya dunia ni upuzi mbele za Mungu.

Ni kweli aliandika hivyo. Lakini anayeishia hapo hajaumaliza waraka. Katika sura ya 14 ya waraka uo huo, Paulo anasema ataomba kwa roho na kwa akili pia. Anaagiza vilevile kwamba manabii wanaponena, wengine wayapime maneno yao. Kwa maneno mengine, aliwapa waliokaa kwenye viti kazi ya kumpima aliyesimama mimbarini.

Tena Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa kuwa kila siku waliyachunguza Maandiko kuona kama aliyowafundisha Paulo ni ya kweli. Kama mtume alikaguliwa na waumini wake na wakasifiwa kwa hilo, ni mhubiri gani wa leo asiyestahili kukaguliwa?

Ukristo umeishi na mjadala huu tangu utoto wake, na sehemu kubwa ya mjadala ilifanyika katika bara letu. Tertullian wa Carthage aliuliza Athens ina uhusiano gani na Yerusalemu, akimaanisha falsafa na imani. Huko Alexandria, Clement na Origen waliona kuwa falsafa inaweza kumwandaa mtu kuipokea Injili. Augustine wa Hippo akafundisha kuwa mtu huamini ili aelewe, na huelewa ili aamini.

Papa John Paul II alirejelea suala hilo mnamo 1998 katika waraka wake kuhusu imani na akili, akavifananisha viwili hivyo na mabawa mawili yanayoiinua roho ya binadamu kuufikia ukweli. Ndege wa bawa moja hapai.

La msingi ni kutofautisha lililo juu ya akili na lililo kinyume cha akili. Ufufuo wa Kristo ni fumbo. Hakuna maabara itakayoupima, na Mkristo hana haja ya kuona haya kwa kuuamini. Lakini iwapo mtoto wa miaka mitatu atakufa akinyimwa chakula na maji si fumbo. Ni jambo ambalo kila mama analijua, na anayemwambia asilijue anamwibia.

Mfungo wenyewe ni mfano bora. Kufunga ni ibada ya kale, na Injili inasimulia kuwa Yesu alifunga siku 40. Lakini kanisa halikuiacha ibada hiyo bila mizani. Sheria ya Kanisa Katoliki, kwa mfano, huwawajibisha kufunga watu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Mtoto hayumo. Hapo akili imekaa ndani ya ibada yenyewe, ikimlinda mnyonge.

Je, serikali inaweza kuisimamia mizani hiyo? Baada ya mkasa wa Shakahola, Rais William Ruto aliteua jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, ambalo liliwasilisha ripoti yake Julai 2024. Kamati ya Seneti chini ya Seneta wa Tana River, Danson Mungatana, nayo ililaumu asasi za usalama na haki kwa kupuuza ishara za mapema.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2016, serikali iliachana na kanuni ambazo zingewataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, baada ya makanisa kupiga kelele. Rwanda ilichukua njia hiyo 2018, ikataka viongozi wa madhehebu wawe na shahada, na kufunga maelfu ya makanisa yaliyokosa viwango.

Theolojia ni elimu muhimu, na mchungaji aliyeisoma ana nafasi bora ya kutopotosha. Hata hivyo, cheti hakitoshi. Mnamo Machi 17, 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la Amri Kumi waliteketea ndani ya kanisa lao huko Kanungu, Uganda. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Dominic Kataribabo, padri wa zamani aliyekuwa amesomea hadi chuo kikuu nchini Marekani. Shahada ya kiongozi haikuwasaidia wafuasi ambao hawangeweza kumhoji.

Ndiposa suluhu yapasa ianzie kwenye viti vya kanisa. Mchungaji anayemaliza mahubiri na kuwapa waumini nusu saa ya maswali hapotezi chochote, isipokuwa kama alikuwa na la kuficha. Kanisa kubwa linaloendesha chuo cha biblia linaweza kuwafungulia wahubiri wadogo wa mitaani masomo ya jioni kwa ada nafuu. Nao wazazi wanaoulizwa na watoto wao ni kwa nini wanaamini, wasiwajibu kwa kofi.

Kwa upande wa serikali, mtoto asipoonekana shuleni kwa sababu ya dini, hiyo ni ishara ya kumfikia mapema bila kungoja kuchimba kaburi. Mtu mzima ana uhuru wa kuabudu kwa mujibu wa Katiba, lakini mtoto hakuchagua kwenda msituni.

Wanaodhani kuwa funzo limeshakolea wakumbuke kwamba 2025, miaka miwili baada ya Shakahola, zaidi ya miili 30 ilifukuliwa eneo la Kwa Binzaro, katika kaunti iyo hiyo ya Kilifi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muumini akimwendea mhubiri wake Jumapili ijayo na swali la kweli, atajua mengi kutokana na jibu atakalopewa. Akikatazwa hata kuuliza, basi amekwisha kujibiwa, na aondoke akiwa na wanawe kabla mlango haujafungwa.