Mtaala Mpya Bila Zana

Ndugu wanachama wa Bukoba na Muleba, hesabu hii haihitaji msomi. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu Januari 2024 aliingizwa katika mtaala mpya, ambao elimu yake ya msingi yaishia darasa la sita. Atamaliza mwaka 2027. Kaka yake aliyekuwa darasa la nne mwaka ule alibaki katika mtaala wa zamani, naye atamaliza darasa la saba mwaka huo huo. Januari 2028 wote wawili watabisha hodi katika mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Je, nyuma ya mlango huo pana madawati mangapi?

Sisi hatuupingi mtaala huu. Miaka kumi ya elimu ya lazima ni jambo tulilolitaka, na kumtoa kijana kidato cha nne akiwa na kazi mikononi, awe fundi, mkulima au mvuvi, ni heshima kwa taifa. Anayesema kwamba amali ni elimu ya waliofeli hajajiuliza ni nani aliyeijenga nyumba anayolala. Lakini amali haifundishwi kwa chaki. Useremala wataka randa, msumeno, na mbao za kuharibu, maana mwanafunzi hana budi kuharibu nyingi kabla hajaunda kiti kimoja. Nasi tumepita chuo cha ualimu. Tulifundishwa kutengeneza zana kwa maboksi na vifuniko vya soda, na kwa kuhesabu darasa la kwanza zafaa sana. Hakuna aliyetufundisha kutengeneza cherehani kwa boksi.

Katika shule moja tuliyoizuru upande wa Muleba, mwalimu alikuwa na muhtasari mpya ndani ya simu yake, ameupata kwa bando alilonunua mwenyewe, akiwasomea watoto nao wakinakili. Tulipouliza vitabu viko wapi, alicheka tu. Matokeo yakiwa mabaya, atalaumiwa yeye. Na huyo yuko kando ya barabara. Wenzake wa visiwa vya Bumbire na Goziba, hata kitabu kikitolewa, sharti kwanza kingoje boti.

Taifa hili limekwisha kuipita njia hii. Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Watoto walikuja, na ilikuwa fahari. Walimu hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wajifunze ualimu huku wakifundisha. Wazee wetu wayakumbuka madarasa ya chini ya miti. Azimio lilikuwa jema. Mfuko ndio ulikuwa mwembamba, na kabla haujanenepa majeshi ya Amin yakavuka mpaka wetu huu wa Kagera mwaka 1978.

Mara hii hakuna vita, na kahawa ipo. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao, na kila gunia linalotoka kibanjani huuchangia. Twataka kujua, kwa shilingi na si kwa hotuba, ni kiasi gani cha ushuru huo kinarudi shuleni kama vitabu na vifaa vya karakana. Ada ilifutwa mwaka 2016, nasi twaunga mkono. Lakini ile ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mkulima wa Kamachumu hahitaji kuambiwa kwamba elfu kumi ya wakati ule siyo ya leo. Mwalimu mkuu akikosa fedha, na mzazi hawezi kumdai ada, afanye nini?

Kwa hiyo kila tawi na limwite diwani wake kabla bajeti ya halmashauri haijapitishwa. Aje na karatasi yenye mambo matatu: watoto wa kata yake watakaomaliza 2027 katika madarasa yote mawili, vyumba vya kidato cha kwanza vilivyopo, na fedha zilizotengwa kwa zana za amali. Asiye na karatasi hiyo arudi nayo wiki ijayo.