Jina la Kiondo ni Mali ya Nani?

Manung'uniko kwamba Wajapani walituibia kiondo yamezoeleka mno Ukambani hata watoto wa shule huyakariri. Ajabu ni kwamba tunanung'unikia ng'ambo ilhali dawa tunayo nyumbani.

Kiondo, au kyondo kama kiitwavyo Kitui na Makueni, hakikuletwa na watalii. Kabla ya mkonge kuenea, akina mama walitumia nyuzi za magome ya mbuyu na ya vichaka vya nyikani, wakazisokota pajani na kuzitia rangi za mimea. Walisuka hata njiani wakienda sokoni, kwani kazi hiyo haikudai meza wala mtambo. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilivuka bahari, kikatiwa mikanda ya ngozi, na viigizo vya viwandani vikafuata.

Thamani ya jina yaonekana Kuba. Sigara nene za Partagás zilianza kutengenezwa Havana mwaka wa 1845. Serikali ya mapinduzi ilipotaifisha viwanda mwaka wa 1960, ukoo wa Cifuentes, uliokuwa na kiwanda hicho, ulihamia ng'ambo na kudai jina hilo. Hadi leo zipo Partagás mbili: moja ya Kuba, nyingine ya Jamhuri ya Dominika. Tumbaku ni sumu, hilo halina ubishi. Lakini wenyewe walijua kwamba mnunuzi hulipia jina.

Sisi tuna sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Inazikabidhi kaunti jukumu la kuyasajili, na inamtaka mgeni apate idhini ya jamii kabla ya kuyafanyia biashara. Kwa nini basi tuendelee kulia?

Hata hivyo, Kitui na Makueni zisikimbilie kulinyakua jina tupu la kiondo. Wakikuyu nao husuka kiondo tangu jadi, na tukiwapokonya tutakuwa tumejiletea mzozo wa Partagás wenyewe. Kinachofaa kusajiliwa ni asili: kiondo cha Kitui, kiondo cha Makueni. Wasusi wa Taita walikwisha kuonyesha njia kwa kusajili alama ya pamoja ya vikapu vyao. Nayo alama hiyo iwe ya vyama vya wasusi wenyewe. Si ya dalali anayezunguka vijijini akinunua kwa bei ya kutupa, wala si ya ofisi ya gavana.