Kijana fundi, mashine haijui leo ni tarehe ngapi

Muulize jamaa wa nduthi aliye karibu nawe anabadilisha tairi lini. Hatakwambia "kila Januari". Atainama, apapase meno ya tairi, akwambie, "Hii bado iko na wiki tatu, boss." Cheni anaitazama kila asubuhi kabla hajatoka. Oili anaimwaga akifikisha kilomita alizojiwekea, hata kama injini haijalalamika. Balbu ya indiketa? Hiyo inaachwa mpaka izime, kisha ananunua nyingine.

Vitu vinne, mipango minne. Hakuna aliyemfundisha hayo darasani, lakini ndiyo hesabu ambayo viwanda vyetu vingi vimeshindwa kuifanya.

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa huko. Nikiwa mwanagenzi katika kiwanda kimoja jijini Nairobi, ukutani pa karakana palikuwa na kalenda. Kila miezi mitatu mota za mkanda wa kusafirisha bidhaa zilifunguliwa, beringi zikatolewa, mpya zikaingizwa. Kama zile za zamani zilikuwa bado zinazunguka bila kelele, hiyo haikuwa hoja. Kalenda imesema, basi.

Jioni moja tulifunga mota, tukaweka tiki kwenye fomu, tukaenda zetu. Siku ya tatu mota ikakwama. Tulipoifungua tuliona beringi mpya ilikuwa imeingizwa kwa nyundo, kisha ikashindiliwa grisi hadi ikafurika. Beringi haipendi nyundo, na grisi ikizidi inaichemsha badala ya kuilinda.

Unadhani nani aliumia? Si meneja. Ni vibarua wa kupakia, vijana wa rika langu, walioambiwa saa nne asubuhi warudi nyumbani kwa sababu hakuna kazi. Ukilipwa kwa siku, mashine ikilala nawe unalala njaa. Na ile tiki kwenye fomu niliiweka mimi.

Ndiyo maana nakataa ule msemo wa karakana kwamba fundi mzuri ni yule anayefungua mashine mara nyingi. Fundi mzuri ni yule anayejua kwa nini anaifungua.

Hata wenye ndege waliwahi kuabudu kalenda. Kisha wahandisi wawili wa shirika la United Airlines, Stanley Nowlan na Howard Heap, wakaandika ripoti kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1978. Katika vipuri walivyochunguza, ni 11 tu kati ya kila 100 ambavyo vingefaidika kwa kuwekewa ukomo wa umri. Vile 89 vilivyobaki, kuvibadilisha kwa tarehe hakungesaidia. Isitoshe, 68 kati ya 100 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa bado vipya. Ndege aina ya DC-8 ilikuwa na vipuri 339 vya kufunguliwa kwa ratiba. DC-10 ilipokuja, vilikuwa saba tu.

Sisemi kiwanda cha unga ni ndege. Visu, mikanda na brashi za mota huisha kwa kusuguana, na hapo ratiba ina kazi yake. Ninachosema ni kwamba kila kifaa kijieleze kivyake kabla hujakipangia matengenezo. Kiulize hivi.

Kwanza, kazi yako ni nini hasa? Pampu haipo ili izunguke tu. Ipo ili itoe maji kiasi fulani kwa saa. Ikizunguka na kutoa nusu, tayari imeharibika.

Pili, ukifeli, nani anaumia? Kama ni mkono wa mtu au boila kulipuka, hapo hakuna kubahatisha. Kama ni taa ya stoo, iache izime, ubadilishe.

Tatu, huwa unatoa dalili? Beringi haifi ghafla. Huanza kutetema, ikapiga kelele, ikapata joto. Hapo kagua mara kwa mara, na mzunguko wa ukaguzi uwe mfupi kuliko muda kati ya dalili na kifo. Ukikagua kila mwezi kitu kinachokufa kwa wiki mbili, unajidanganya.

Nne, na hili ndilo husahaulika: ukifa, kuna mtu atajua? Mnakumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Katika uwanja wa ndege wa JKIA, jenereta ya akiba ya baadhi ya maeneo ya abiria ilikataa kuwaka, watu wakabaki gizani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Sababu iwe ilivyokuwa, somo ni moja. Kifaa cha akiba kinaweza kufa kimyakimya, na hakuna atakayegundua mpaka siku kinapohitajika. Dawa yake si kukisubiri wala kukifungua ovyo. Ni kukijaribu. Kiwashe, kibebeshe mzigo, uone.

Najua utaniambia, "Bana, bosi wetu hata spana hanunui, atanunua vifaa vya kupima mtetemo?" Ni kweli, kuna mabosi wanaoamka tu mashine ikishasimama. Lakini kuanza hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji daftari. Andika tarehe, mashine, kilichoharibika, dalili uliyoiona kabla, muda kazi iliposimama, na vibarua wangapi walirudishwa nyumbani. Baada ya miezi sita utakuwa na kitu ambacho meneja wengi hawana: ushahidi. Ukimwambia mashine hii imesimama mara tisa na mara sita ni beringi ileile, hiyo si kelele ya kijana tena. Ni pesa, na pesa anaielewa.

Daftari hilo pia ni lako. Cheti kinasema ulisoma. Daftari linaonyesha unavyofikiri, na siku ya mahojiano ya kazi utakuwa na la kusimulia.

Kwa hivyo kesho ukiingia zamu, kabla hujaweka tiki kwenye fomu, simama dakika moja. Jiulize kama umeitengeneza mashine au umeitii kalenda. Kuna mtu pale langoni anangoja kuitwa kazini, na siku yake iko mikononi mwako.